Jinsi ya kutengeneza dokumentari kuhusu wapigapicha wa Kijapani wa sasa hivi, hatua kwa hatua

Watu wengi wakipata wazo la dokumentari kuhusu mpigapicha, cha kwanza wanawaza kamera gani, cha pili wanawaza nani wamhoji, afu picha zenyewe zinakuja kukumbukwa kwenye editi, zinawekwa kuziba mapengo wakati mtu anaongea. Kwa Japani hiyo njia itakuangusha mapema, maana kule mpigapicha anajulikana kwa kitabu kuliko kwa maonyesho ya ukutani au kwa sura yake. Kitabu ndo kazi yenyewe, sio kumbukumbu ya kazi. Kwahiyo kila nitakachosema hapa kinarudi kwenye kitu kimoja, filamu yako iwe ya picha, inavyotoka mtaani au kijijini mpaka inakaa kwenye ukurasa, mzee kwenye kiti anayesimulia maisha yake awe wa ziada tu.

HATUA YA 1: Chagua mtu mmoja

Usianze na "wapigapicha wa Japani" kama kundi, utatoa video ya saa zima yenye majina kibao na hakuna hata mmoja anayebaki kichwani. Chukua mmoja, wakizidi wawili na wawe wanapishana kimtazamo. Mfano Daido Moriyama, kazaliwa 1938, miaka nenda rudi anazunguka mitaa ya Shinjuku pale Tokyo na kakamera ka mfukoni, zile Ricoh GR, anatoa picha nyeusi na nyeupe zenye chengachenga, zimetikisika, saa nyingine hata fokasi hamna na ni makusudi, mambo yaliyoanzia kwenye jarida la Provoke ambalo lilitoka matoleo matatu tu kati ya 1968 na 1969 na bado linaongelewa mpaka leo. Upande mwingine kabisa yuko Rinko Kawauchi wa 1972, rangi laini, mwanga mweupe, vitu vidogovidogo vya kila siku, huyu mwaka 2001 alitoa vitabu vitatu kwa mpigo na ndo vikamtambulisha. Sasa filamu ya Moriyama na filamu ya Kawauchi haziwezi kufanana hata mwendo, moja inatembea na nyingine inakaa inaangalia. Ukishindwa kusema kwa sentensi moja mwendo wa filamu yako utakuwaje basi bado hujamjua mtu wako.

Kama unataka habari nzito zaidi angalia kaskazini mashariki. Naoya Hatakeyama kazaliwa 1958 Rikuzentakata, alijulikana kwanza kwa picha za machimbo ya mawe ya chokaa na miamba ikilipuliwa, afu tarehe 11 Machi 2011 tsunami ikafagia mji aliozaliwa, mama yake akafariki, na tangu hapo amekuwa akirudi kupiga mji huohuo ukijengwa upya. Lieko Shiga wa 1980 yeye alihamia Kitakama, kijiji cha pwani mkoa wa Miyagi, akawa ndo mpigapicha wa kijiji, sherehe za watu anapiga yeye, stori za wazee anarekodi yeye, tsunami ikamkuta palepale na studio yake ikaenda. Na kuna Miyako Ishiuchi wa 1947 anayepiga nguo za watu waliopigwa na bomu la Hiroshima, zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya amani ya mji huo, kabla ya hapo alipiga vitu alivyoviacha marehemu mama yake, mpaka rangi ya mdomo na nguo za ndani, kazi ikaenda kuwakilisha Japani kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2005. Hawa watatu ukiwagusa jiandae, hutengenezi filamu ya kamera, unatengeneza filamu ya msiba.

Kwa sisi wa huku kuna mlango mmoja ambao sioni watu wakiutumia. Mitsuaki Iwago, mpigapicha wa wanyama, miaka ya 80 alikaa Serengeti muda mrefu na picha za pale zilimpa jina dunia nzima, siku hizi Wajapani wengi wanamjua kwa kipindi chake cha paka kwenye NHK, televisheni ya taifa ya kule. Nasema hivi kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ni kwanini wewe, kwanini mtu kutoka Dar au Nairobi, na ukiwa na jibu la kweli kama hilo unaanza vizuri kuliko yule anayejibu kwamba anapenda Japani tu. Anime haitoshi jamani.

HATUA YA 2: Kisome kitabu kabla hujaandika mstari wowote

Tafuta vitabu vyake vyenyewe, sio picha za kwenye simu. Vya zamani vingine ni bei mbaya, ila Tokyo mtaa wa Jimbocho umejaa maduka ya vitabu vilivyotumika, na makumbusho ya picha ya Tokyo yaliyopo Ebisu yana maktaba unakaa unafungua ukurasa mmoja mmoja. Chukua daftari andika mpangilio: ukurasa huu picha gani, unaotazamana nao una nini, wapi wameacha ukurasa mweupe, wapi picha moja imemeza kurasa mbili. Angalia pia kitabu kinafunguka upande gani maana vingine vinaanzia kulia. Hilo daftari ndo skripti yako ya kwanza, kwa sababu mpangilio huo haujatokea kwa bahati, mtu na mchapishaji wake wamekaa wamebishana, na mabishano hayo ndo sehemu tamu ambayo dokumentari nyingi zinairuka.

HATUA YA 3: Omba kupitia mlango wake

Usimwandikie msanii moja kwa moja kwenye Instagram ukategemea atajibu. Nenda kwa galari yake au mchapishaji wake. Andaa karatasi ya maombi, kurasa mbili zinatosha, kwa Kijapani kilichoandikwa na mtu anayekijua na sio programu ya kutafsiri, ieleze wewe nani, kwanini yeye, picha zipi hasa za kitabu kipi unataka kuzionyesha, siku ngapi za kazi, mtakuwa wangapi, filamu itaonyeshwa wapi, na nani atamiliki video mliyorekodi. Hiyo ya mwisho wengi wanaisahau na ndo inayokwamisha. Ukijibiwa kwamba wataangalia, afu kimya, tuma barua moja ya adabu baada ya muda, ukiona kimya tena jua umekataliwa kistaarabu, usisukume, kule kusukuma kunafunga na mlango wa jirani.

Siku ya kukutana nenda na kadi zako za jina, unatoa na kupokea kwa mikono miwili, unaisoma kwanza, huitupii mfukoni. Beba zawadi ndogo ya nyumbani, kahawa ya Kilimanjaro inaenda vizuri, Wajapani wanaijua hiyo kahawa kwa jina lake. Mwite kwa jina la ukoo na "san" mwishoni, Moriyama-san, na ukisikia wenzake wanamwita "sensei" fuata wao. Siku hiyo kamera ibaki kwenye begi mpaka mwenyewe aulize.

HATUA YA 4: Mkalimani ndo nusu ya filamu

Watu wanaweka hela kwenye lenzi, mkalimani wanachukua yeyote aliyepo, matokeo yake unarudi na masaa ya majibu mafupi. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama fani kamili, kwahiyo Wajapani wanaoongea Kiswahili cha kueleweka wapo, na wapo Watanzania na Wakenya waliosoma kule wanaoongea Kijapani. Ukipata mmoja wao unaruka Kiingereza kabisa, maneno yanapita mkono mmoja badala ya miwili, na utashangaa mtu anavyofunguka.

Mpe mkalimani vitabu wiki kadhaa kabla. Mweke karibu kabisa na lenzi ili macho ya mhojiwa yasitangetange. Na asitafsiri kila sentensi, inaua mazungumzo, we kubali kutoelewa kwa dakika mbili tatu, yeye akunong'oneze muhtasari kwenye maiki yake ya pembeni inayorekodi traki ya pili, hiyo traki itakuokoa sana kwenye editi.

HATUA YA 5: Vifaa, umeme, na vitu vidogo vinavyoharibu safari

Viza kwanza, kwa pasipoti zetu inahitajika, na kama kuna malipo usiingie kama mtalii, uliza ubalozi mapema ukiwa na barua ya galari mkononi. Betri za kamera zinapanda na wewe kwenye kebini, zile zilizo chini ya 100Wh (wati-saa, imeandikwa kwenye betri) hazina shida, zile kubwa za kubandika nyuma ya kamera, V-mount, kati ya 100 na 160 omba kibali cha shirika la ndege na mara nyingi ni mbili tu.

Umeme wa Japani ni volti 100 na plagi ni za pini mbili bapa. Chaja nyingi za kisasa zinakubali, soma maandishi ya nyuma. Lakini kuna kitu kingine kwenye umeme wao ambacho kinawaumbua watu: nchi imegawanyika. Mashariki, yani Tokyo na kwenda juu mpaka Hokkaido, ni hezi 50 kama kwetu, magharibi, Osaka, Kyoto, Hiroshima, ni hezi 60, na sababu ni kwamba mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo walinunua majenereta ya Ujerumani na Osaka wakanunua ya Marekani, hawajawahi kuufanya uwe wa aina moja mpaka leo. Sasa taa za dukani, za galari, za treni zinapepesa kwa mwendo huo. Ukiwa Tokyo weka shata 1/50 au 1/100 uko salama, mipangilio yako ya nyumbani inafanya kazi hivyohivyo. Ukipanda treni ukaenda Kyoto kupiga tamasha la picha la Kyotographie, lile la kila masika lililoanza 2013, ukiacha 1/50 ileile unaweza kukuta mistari inatembea kwenye ukuta wote wa maonyesho, hasa kwenye taa za bei rahisi. Badilisha iwe 1/60 au 1/120, na piga sekunde kumi za majaribio kila unapoingia chumba kipya, uziangalie kwenye skrini kubwa sio ile ya kamera.

Maiki zisizo na waya nazo angalia. Zile za UHF unazotumia harusini huku zinaweza kuwa kwenye masafa yasiyoruhusiwa kule, tumia za 2.4GHz zenye alama ya kibali cha Japani. Droni yoyote ya kuanzia gramu 100 lazima isajiliwe tangu 2022, na kiukweli kwa filamu ya mpigapicha sioni droni inakupa nini, iache nyumbani.

Nauli: ile tiketi ya treni ya watalii ya siku 7 ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 mpaka 50,000, kwahiyo piga hesabu safari moja moja kabla hujainunua, mara nyingi hairudishi hela yake.

HATUA YA 6: Kumfuata mtaani

Kama mtu wako ni wa mtaani, we ndo tatizo lake kubwa. Anafanya kazi kwa kutoonekana, afu nyuma yake kuna watu watano, tripodi, na mti wa maiki wenye manyoya! Nendeni wawili tu, wewe na sauti, kamera ndogo, lenzi moja ya upana wa kati, mkae nyuma yake upande ambao hapigi. Mpachike maiki ndogo kwenye koti halafu umwache, hatua zake, pumzi, mlio wa shata, tangazo la stesheni kwa mbali, hizo sauti zinabeba filamu kuliko muziki. Usimwambie arudie. Ukikosa umekosa, kesho atapita tena.

Tripodi barabarani inataka kibali cha polisi, stesheni na ndani ya treni ni kibali cha kampuni ya reli, na kwa Tokyo kuna ofisi ya mji inaitwa Tokyo Location Box inayosaidia watengeneza filamu, waandikieni. Golden Gai pale Shinjuku, vile vichochoro vyenye baa zaidi ya 200 ambazo kila moja inaingia watu wachache tu, wapigapicha wengi wamekunywea hapo na mmoja mkubwa, Masahisa Fukase, alianguka kwenye ngazi za baa ya hapo 1992 na hakuwahi kupona mpaka kifo chake 2012. Stori inavutia ila usitoe kamera pale bila ruhusa ya wenyewe.

Kuhusu sura za wapita njia, mahakama za Japani zinatambua haki ya mtu juu ya sura yake na watu wanaijali hasa, ndo maana televisheni zao zinafifisha nyuso za watu hovyohovyo. Nyuso zilizofifishwa kwenye filamu ya mpigapicha ni aibu, kwahiyo panga mapema: migongo, miguu, vivuli, vioo vya madukani, makutano ya barabara kwa mbali ambapo hakuna mtu mmoja anayetambulika.

HATUA YA 7: Chumba cha giza

Bado wapo wengi wanaosafisha na kuchapa picha wenyewe, na hapa ndo utapata dakika bora za filamu nzima kama hutaharibu kazi ya mtu. Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe inavumilia taa nyekundu ila haivumilii mwanga wako. Kabla hujaingia ziba kwa tepu nyeusi kile kitaa kinachowaka kamera ikirekodi, zima ile taa ya kusaidia fokasi, punguza skrini mpaka mwisho na uifunike na jelatini nyekundu, ile plastiki ya rangi ya kuwekea taa, simu zote zibaki nje, saa ya mkononi pia. Mwombe yeye akague, azime kila kitu akutazame kwa dakika nzima, akiona chochote kinang'aa atakuambia. Kama anachapa rangi humo ni giza totoro, hakuna cha kupiga, rekodi sauti peke yake.

Chini ya taa nyekundu kamera inadanganya. Kipimo kinakuambia pana giza, unaongeza mwanga, kumbe chaneli nyekundu imeshaungua na uso wa mtu umekuwa doa. Fungua histogramu ya rangi tatu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha kila rangi ina mwanga kiasi gani, fuata nyekundu peke yake, acha nafasi kidogo juu. Mizani ya rangi iwe ya kudumu, ukiacha otomatiki itahangaika kutafuta nyeupe ambayo haipo. Afu elekeza lenzi kwenye trei ya dawa na usiitoe. Karatasi inaingia nyeupe, mkono unaitikisa trei polepole, kwanza kinakuja kitu cheusi kwenye kona, sijui paa sijui nywele, halafu mstari, halafu jicho, na ukiwa na bahati yule mzee anasema "mm" tu, anaitoa, anaitupa ndooni anaanza upya. Usikate hapo katikati. Hiyo klipu inaelezea kazi yake kuliko maprofesa watatu.

HATUA YA 8: Kupiga picha zenyewe

Omba faili kutoka galari, usiscan kitabu kimyakimya. Wengi wanatoa kwa masharti: usikate kingo, usiandike juu ya picha, usibadili rangi. Kubali. Na hata wasiposema, acha ile tabia ya kuzoom taratibu kwenye picha ya mtu, yeye alishachagua fremu, we unamfundisha? Onyesha picha nzima, bila kusogea, na uipe sekunde za kutosha mtazamaji aizunguke kwa macho, saba nane, picha ngumu zaidi hata kumi na tano. Bila maneno juu yake.

Kwa vitabu piga toka juu, taa mbili za pembeni kwa nyuzi 45 ili karatasi isirudishe mng'ao, mikono iwe ya mpigapicha mwenyewe au ya mchapishaji, maiki karibu na karatasi.

HATUA YA 9: Mahojiano

Yaweke mwisho wa safari. Maswali yatume mapema, ila uliza ukiwa umeweka picha mezani: hii uliipiga umesimama wapi, kwanini hii na sio ile iliyoifuata kwenye mkanda. Swali la "sanaa ni nini kwako" litakupa jibu la sanaa ni nini kwake, na huwezi kulitumia. Akinyamaza na we nyamaza, mwache, jibu la maana mara nyingi linakuja baada ya lile la adabu.

Na kuna maswali magumu usiyakwepe. Nobuyoshi Araki, jina kubwa kabisa, mwaka 2018 mwanamke aliyekuwa modeli wake kwa miaka mingi aliandika hadharani kwamba alifanya kazi bila mkataba na picha zake zilitumika bila kuulizwa. Ukitengeneza filamu ya Araki leo ukaliruka hilo, umetengeneza tangazo la biashara. Kwa yeyote yule, uliza waliopo kwenye picha walikubali vipi, ikiwezekana waongee wenyewe.

HATUA YA 10: Editi

Kwenye Kijapani kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi na kukanusha kunakaa mwishoni kabisa, ukikata sekunde moja mapema mtu aliyesema "sikumpenda" anakuwa kampenda. Kwahiyo kila mkato wa maneno upitiwe na mkalimani kabla hujafunga. Maandishi ya Kiswahili ni marefu, mistari miwili basi, fupisha maana usifupishe muda, na yasikae juu ya picha za msanii, panga aongee kwenye klipu zake, picha zije kimya.

Jaribu kufuata lile daftari la hatua ya 2. Weka picha kwa mpangilio wa kitabu kwanza, afu ndo uchomeke mtaa, chumba cha giza na mahojiano katikati. Itakuwa ndefu na nzito, utapunguza, lakini mifupa itakuwa ya kwake.

HATUA YA 11: Haki na kuitoa

Hakimiliki ya Japani ni maisha ya msanii na miaka 70 baada ya kifo, iliongezwa kutoka 50 mwishoni mwa 2018, kwahiyo hata kwa picha za marehemu mara nyingi kuna mtu wa kuombwa. Mkataba uandike idadi ya picha, nchi, miaka, na intaneti itajwe kwa jina, sio kufikiriwa imo. Kila picha iwe na jina lake na mwaka kwenye maandishi ya mwisho kama galari ilivyoandika.

Tamasha la kulenga ni Yamagata, la dokumentari tupu, lipo tangu 1989 na linafanyika kila baada ya miaka miwili, miaka isiyogawanyika kwa mbili. Huku una ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar. Kabla ya kutuma popote mpelekee mpigapicha kopi yenye maandishi ya Kijapani, mpe wiki mbili, na akitaka urekebishe mwaka, jina au rangi ya picha, rekebisha siku hiyohiyo. Akitaka uondoe swali gumu, hilo mkae mezani, ndo maana ulisema mapema kwenye ile karatasi nani anamiliki video.